Shafti Iliyotafuta Njia

Tarehe 23 Septemba 1961, kwenye uwanja wa Oulton Park nchini Uingereza, lami ilikuwa imelowa na Stirling Moss alikuwa ndani ya gari lililotengenezwa na kampuni ya bwana wa matrekta. Ferguson P99 lilikuwa gari la Formula 1, ila nguvu ya injini yake iligawanywa kwa magurudumu yote manne. Moss alishinda Kombe la Dhahabu siku ile, na hadi leo hakuna gari jingine la Formula 1 la mfumo huo lililoshinda mbio. Harry Ferguson mwenyewe, ambaye jina lake wakulima wetu wamelizoea kwenye matrekta mekundu ya Massey Ferguson, hakuuona ushindi huo. Alifariki Oktoba 1960.

Ushindi ulikuja, lakini ulichelewa. Injini ya P99 ilikuwa mbele ya dereva, na miaka ileile magari ya mbio yalikuwa yakiihamishia nyuma ya kiti. Jack Brabham alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa dunia wa 1959 na wa 1960 kwa gari la Cooper lenye injini nyuma yake, mbele ya ekseli ya nyuma, na kufikia 1961 hata Ferrari walikuwa wamekubali. Kwa hiyo teknolojia ya kuvuta kwa magurudumu manne ilithibitisha thamani yake kwenye umbo la gari ambalo tayari lilikuwa linaaga. Aliyetaka kuendelea nayo alilazimika kuihamishia kwenye umbo jipya, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Gari lenye injini mbele lina propela inayopita chini ya abiria kwenda nyuma. Kupeleka nguvu kidogo kwenye difu ya mbele si jambo gumu sana, kwa kuwa gia boksi iko palepale jirani. Katika gari la injini ya kati, injini, klachi, gia boksi na difu hushonwa pamoja nyuma ya dereva kama furushi moja. Nguvu hutokea mwishoni kabisa mwa furushi hilo, karibu na magurudumu ya nyuma. Ili ifike mbele inabidi igeuke irudi ilikotoka: iipite gia boksi, iipite injini yenyewe, ipite kando ya tangi la mafuta, kisha ikutane na mtu aliyekaa chini kabisa karibu na lami. Ukiipitisha shafti chini ya injini, injini inainuka na gari linapoteza ule uzito wa chini uliokuwa sababu ya kulijenga hivyo. Ukiipitisha ubavuni, unamsukuma dereva pembeni. Historia ninayoisimulia hapa ni ya watu walioshindana na njia hiyo fupi, pengine mita mbili tu, kwa zaidi ya miaka 60.

BRM, timu ya Formula 1, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1964 walitengeneza P67, gari la injini ya kati lililotumia mfumo wa Ferguson, wakaliandikisha kwa mbio za Grand Prix za Uingereza kisha wakaliondoa kabla ya kushindana. Lilikuwa zito na tata. Lakini halikufa bure: Peter Lawson alilitumia kutwaa ubingwa wa Uingereza wa kupanda vilima mwaka 1968, mahali ambapo gari huanza likiwa limesimama na kila tairi linaloshika lami lina faida yake.

Mwaka uleule wa 1964, ng'ambo ya Atlantiki, kulikuwa na mtu aliyelitazama tatizo hili kwa jicho tofauti kabisa. Zora Arkus-Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909, akakulia Urusi, akasomea uhandisi Berlin, akakimbia vita Ulaya na kuishia New York. Mwaka 1953 aliliona Corvette la kwanza kwenye maonyesho ya General Motors katika hoteli ya Waldorf Astoria, akavutiwa na sura yake kuliko mitambo yake, na muda si mrefu akawa mfanyakazi wa kampuni hiyo. Tangu hapo hakuacha kuwashawishi mabosi wake kwamba injini ya Corvette ihamishwe nyuma ya dereva. Walimkatalia mara kwa mara. Ndani ya karakana za utafiti za Chevrolet, hata hivyo, alikuwa na nafasi ya kujenga alichokiamini.

Gari alilolijenga liliitwa CERV II. Injini ilikuwa V8 ya alumini, na Duntov hakujisumbua kutafuta njia ya kuirudisha shafti kutoka nyuma kuja mbele. Aliuliza swali jingine: kwa nini nguvu itoke upande mmoja tu wa injini? Krenkishafti ina ncha mbili. Kwenye ncha ya nyuma alifunga kibadilisha-nguvu cha mafuta, kile kinachokaa mahali pa klachi katika magari ya otomatiki, pamoja na gia boksi yake. Kwenye ncha ya mbele akafunga kingine, na gia boksi nyingine. Hapakuwa na difu ya kati. Vibadilisha-nguvu hivyo viwili havikulingana kwa makusudi, ili mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma ubadilike wenyewe kadiri mwendo ulivyoongezeka, na kwa kuwa ndani yake kinachosukumana ni mafuta, tofauti ya mzunguko wa magurudumu kwenye kona ilimezwa humohumo.

Naliona wazo hili kuwa zuri kuliko yote yaliyofuata katika miongo miwili iliyokuja. Lilikuwa na kasoro, kwani gia boksi mbili ni uzito na gharama, na mafuta yanayosukumana hupoteza nguvu kama joto. Lakini lilijibu swali kwa kulibadilisha. Madereva Jim Hall na Roger Penske walikuwa miongoni mwa walioliendesha katika majaribio, na waliolijenga waliona kwamba linaweza kupambana na Ford, waliokuwa wakijiandaa kwa mbio za Le Mans kwa gari lao la GT40. Halikupewa nafasi. General Motors walikuwa wamejifunga kwa sera ya kutoshiriki mbio rasmi, na CERV II likabaki gari la majaribio, mitambo yake ikijulikana na wachache.

Kizazi kilichofuata cha Formula 1 hakikumwiga Duntov. Mwaka 1969 Lotus, Matra, McLaren na Cosworth wote walitengeneza magari ya magurudumu manne, na wote wakafuata hila moja: waliigeuza injini ya Cosworth DFV kinyumenyume. Upande wa klachi, ambao kwa kawaida hutazama nyuma, sasa ulitazama mgongo wa dereva. Gia boksi ikakaa hapo katikati, na kutoka ubavuni mwake shafti moja ikaenda mbele na nyingine nyuma, zote zikipita upande mmoja wa gari. Kwenye karatasi ilipendeza, kwa kuwa nguvu sasa ilizaliwa katikati ya gari badala ya mkiani.

Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Madereva walilalamika kwamba gari halitaki kugeuka, na usukani ulikuwa mzito. Graham Hill na Jochen Rindt hawakulipenda Lotus 63, ingawa Rindt alilifikisha nafasi ya pili Oulton Park mwaka ule. McLaren walilikimbiza M9A mara moja tu, Silverstone, likiendeshwa na Derek Bell, kisha wakaliweka kando. Gari la Cosworth halikushindana hata siku moja. Jackie Stewart alilijaribu Matra MS84 na akachagua kushindana na MS80 la kawaida, ambalo lilimpa ubingwa wa dunia. Pointi moja pekee ambayo gari la magurudumu manne limewahi kuvuna katika ubingwa wa dunia wa Formula 1 ililetwa na Johnny Servoz-Gavin kwa nafasi ya sita Kanada. Kilichoua wazo hilo hakikuwa hila ya kugeuza injini. Wakati wahandisi wakihangaika na shafti, matairi yalipanuka na mabawa yakaanza kuyakandamiza magari chini kwa nguvu ya hewa. Mshiko uliotafutwa kwa chuma ukapatikana kwa upepo, tena bila kuongeza uzito wa kutisha. Kuanzia 1983 kanuni za Formula 1 zikapiga marufuku kuvuta kwa magurudumu manne.

Kulikuwa pia na waliosema: kama nguvu haifiki mbele, weka injini nyingine mbele. Citroën walikwisha kufanya hivyo kwa 2CV Sahara, gari la jangwani lenye injini mbili ndogo, moja kila upande. Mwaka 1963 Mini yenye injini mbili ilikimbia Targa Florio kule Sicily, na mwaka huohuo John Cooper aliumia vibaya sana akiendesha Mini ya aina hiyo barabarani. Volkswagen walilirudia jambo hilo mwaka 1987 kwenye mlima wa Pikes Peak huko Marekani, kwa Golf yenye injini mbili iliyokuwa na nguvu za farasi zaidi ya 600. Jochi Kleint alilazimika kuacha mbio kona chache kabla ya kilele. Injini mbili ni matatizo mawili ya kila kitu, na sioni haja ya kukaa hapo zaidi.

Turudi kwenye shafti, kwa sababu jibu lake la kudumu lilikuwa limeshazaliwa Italia kwa sababu isiyohusiana kabisa na magurudumu ya mbele. Mwaka 1971 Lamborghini walionyesha Countach kwenye maonyesho ya Geneva. Umbo lililochorwa na Marcello Gandini ndilo lililotundikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana dunia nzima, lakini mimi namheshimu zaidi Paolo Stanzani, mhandisi aliyepanga kilichokuwa chini yake. Lamborghini Miura lililotangulia lilikuwa na V12 iliyolazwa kwa upana. Stanzani aliigeuza ikae kwa urefu, lakini injini ya silinda 12 ikifuatiwa na gia boksi ingelirefusha gari kupita kiasi. Basi akaiweka gia boksi mbele ya injini, katikati ya viti viwili, na mkono wa gia ukawa juu yake moja kwa moja, bila fito ndefu za kuunganisha. Ili nguvu irudi nyuma, alipitisha shafti ndani ya bomba lililozibwa lililotoboa sampu ya mafuta ya injini, hadi kwenye difu ya nyuma.

Yaani injini ilitobolewa njia tumboni. Stanzani alifanya hivyo kutafuta uzito uliokaa vizuri na gia zinazoingia kwa urahisi. Lakini tazama kilichotokea: gia boksi sasa ilikuwa mbele ya injini, ikitazama ekseli ya mbele, bila kizuizi kati yao isipokuwa handaki fupi kati ya miguu ya dereva na abiria. Nusu ya kazi iliyowashinda watu wa 1969 ilikuwa imekwisha kufanyika. Miaka 22 baadaye, mwaka 1993, Lamborghini waliuza Diablo VT, ambalo gia boksi yake ilitoa shafti nyingine kwenda mbele kupitia kifaa chenye mafuta mazito. Magurudumu ya nyuma yalipoanza kuteleza, mafuta hayo yalishika na kupeleka mbele hadi robo ya nguvu. Hapakuhitajika kompyuta.

Stanzani mwenyewe hakungoja. Baada ya kuondoka Lamborghini aliingia katika mradi wa kuifufua Bugatti huko Campogalliano, ambako misingi ya EB110 ilipangwa chini yake kabla hajaondoka na kazi kumaliziwa na Nicola Materazzi. EB110 lilizinduliwa Paris tarehe 15 Septemba 1991: V12 ya lita 3.5 yenye turbo nne, gia boksi ikiwa jirani na dereva, asilimia 27 ya nguvu mbele na 73 nyuma. Lilifika sokoni kabla ya Diablo VT.

Kati ya Countach na Bugatti ndipo palipotokea kipindi chenye joto kuliko vyote, na hicho kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Audi Quattro la magurudumu manne lilikuwa limebadilisha mbio za rali tangu 1981, lakini lilibeba injini mbele kabisa, nje ya ekseli. Kanuni za Kundi B, daraja la magari ya rali, ziliruhusu kampuni kujenga magari 200 tu ili kushindana, na wahandisi wakaona mlango: wangeweza kuunganisha injini ya kati na magurudumu manne, wakachukua mazuri ya pande zote mbili. Kila kampuni ilipita njia yake. Peugeot, chini ya Jean Todt, waliilaza injini ya 205 Turbo 16 kwa upana upande mmoja nyuma ya viti, na gia boksi upande wa pili. Austin Rover waliwapa watu wa timu ya Williams kazi ya kubuni Metro 6R4. Injini yao ya V6 ikageuzwa kinyumenyume, gia boksi ikitazama mbele, kama walivyofanya wale wa 1969. Lancia Delta S4 nalo liliweka gia boksi mbele ya injini.

Ford RS200 lilikwenda mbali zaidi. Injini ilikuwa nyuma ya viti, lakini gia boksi ilipelekwa mbele kabisa, karibu na ekseli ya mbele, ili uzito ugawanyike sawa. Shafti moja ilipeleka nguvu kutoka injini hadi mbele. Gia zikafanya kazi huko. Kisha shafti ya pili ikarudisha nguvu nyuma. Nguvu ilipita katikati ya gari mara mbili. Mhandisi anayekubali kulipia usawa wa uzito kwa shafti mbili na msuguano wa ziada anajua anachokitafuta, na magazeti ya magari ya wakati ule yalilisifu kwa jinsi lilivyotulia.

Peugeot ndio waliovuna. Ari Vatanen alishinda Finland kwa 205 Turbo 16 mwaka 1984, Timo Salonen akawa bingwa wa dunia 1985 na Juha Kankkunen 1986. Lakini Safari Rally iliwakatalia. Na hawa walikuwa Peugeot, kampuni ambayo 404 na 504 zake zilishatwaa Safari mara kadhaa, magari ambayo wazazi wetu waliyapanda kama teksi. Mwaka 1986, katika mashindano ya zaidi ya kilomita 4,000 za vumbi, mawe na matope ya Kenya, mshindi alikuwa Björn Waldegård kwa Toyota Celica, gari lenye injini mbele na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Toyota walikuwa wameshinda pia 1984 na 1985. Kankkunen na 205 lake alimaliza wa tano. Lancia hata hawakulileta Delta S4. Walikuja na 037 la magurudumu mawili, na Markku Alén akawa wa tatu.

Sioni muujiza hapo. Gari la rali la Ulaya lilihitaji kwenda kasi kwa dakika chache, kisha mafundi walikague. Safari ya enzi zile ilikuwa siku kadhaa za kugongwa kutoka chini. Kila difu ya ziada, kila jointi ya shafti inayopita ubavuni mwa injini, ni mahali pengine pa kuvunjika, tena mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi akiwa amelala chini ya gari kando ya barabara. Gari la kwanza la magurudumu manne kushinda Safari lilikuja 1987, likiwa Audi 200 Quattro la Hannu Mikkola, na injini yake ilikuwa mbele. Magari ya injini ya kati hayakupata nafasi ya kujirekebisha. Tarehe 2 Mei 1986 Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa Corsica ndani ya Delta S4, na Kundi B likafungwa mwishoni mwa mwaka.

Barabarani njia ya shafti iliendelea kunyooshwa polepole. Lamborghini Gallardo la 2003 na Audi R8 lililofuata viliiacha gia boksi nyuma na kupitisha shafti nyembamba kando ya injini. Mwaka 2011 Ferrari walirudi, wajue wasijue, kwenye wazo la Duntov: katika FF, injini iliyokaa nyuma ya ekseli ya mbele ilitoa nguvu kutoka ncha zote mbili za krenkishafti. Gia boksi kuu ilikuwa nyuma, na ile ndogo ya mbele ilikuwa na gia mbili tu za kwenda, ikifanya kazi hadi gia ya nne ya gia boksi kuu. Ferrari walijua kwamba ukishapita mwendo huo hauhitaji tena msaada wa mbele.

Kisha shafti ikaondolewa kabisa. Porsche 918 Spyder la 2013 lilikuwa na V8 nyuma na mota ya umeme mbele, na Septemba mwaka huo Marc Lieb alilizungusha Nürburgring kwa dakika 6 na sekunde 57. BMW i8, Honda NSX la kizazi cha pili na Ferrari SF90 Stradale vilifuata njia hiyohiyo. Katika SF90 magurudumu ya mbele yana mota mbili, na gari halina gia ya kurudi nyuma. Mota hizo ndizo zinazolirudisha. Lamborghini, ambao katika magari yao ya V12 walikuwa wameishi na gia boksi ya Stanzani mbele ya injini kwa zaidi ya miaka 50, waliihamishia nyuma katika Revuelto la 2023. Pale kati ya viti, ilipokaa gia boksi na kupita shafti, wakaweka betri.

Januari 2023 Chevrolet walizindua Corvette E-Ray: V8 ya lita 6.2 nyuma ya dereva, mota ya nguvu za farasi 160 mbele, jumla 655, na hakuna chuma chochote kinachounganisha pande hizo mbili. Duntov alifariki 1996 bila kuona hata Corvette moja ya injini ya kati ikiuzwa, na gari hili linamjibu kwa njia ambayo angeielewa mara moja, kwa kuwa ekseli mbili zinazojitegemea ndizo alizozijenga 1964. Tofauti iko kwenye mipaka. Betri ya E-Ray ni ndogo, kilowati-saa 1.9, haina waya wa kuchajiwa nyumbani, na hujazwa na breki pamoja na injini gari likiwa linakwenda. Likifika takriban kilomita 240 kwa saa, mota ya mbele hujitoa, na kuanzia hapo gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. CERV II, lenye mafuta yake yaliyopoteza nguvu kama joto na gia boksi zake mbili nzito, liliundwa ili magurudumu ya mbele yaendelee kufanya kazi hadi mwisho wa mwendo wake.